UZI: Nyutro mteremkoni haiokoi mafuta, na mengine tunayoambiana kuhusu gari kula mafuta

Pistoni

Wakuu, ushauri wa kupunguza ulaji wa mafuta umejaa kila mahali, na sehemu kubwa ni wa enzi za kabureta. Naanza na ule unaorudiwa kuliko wote: ukifika mteremkoni weka nyutro, gari litelemke lenyewe, mafuta yabaki.

Kwenye injini ya sindano (zinazopuliza mafuta) inayodhibitiwa na kompyuta, mambo ni kinyume. Ukiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa kabisa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta inaona kanyagio limeachiwa na mizunguko iko juu, inafunga sindano zote, na matumizi yanakuwa sifuri. Sindano hubaki zimefungwa mpaka mizunguko ishuke, mara nyingi kukaribia 1,000 hadi 1,200 kwa dakika, ndipo zinapofunguliwa tena injini isizime. Ukiweka nyutro umeikata injini na magurudumu. Sasa hakuna cha kuizungusha ila mafuta, kwa hiyo inachoma kiasi kile kile inachochoma ukiwa umesimama kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta. Kwa injini ya lita 1.5 hadi 2 iliyokwisha kupata moto, hiyo ni kama lita 0.6 hadi 1 kwa saa.

Tupige hesabu. Mteremko wa kilomita 2 kwa mwendo wa 60 unachukua dakika 2. Kwa lita 0.8 kwa saa, nyutro imekula mililita 27. Ndani ya gia, mteremko ukitosha kulisukuma gari, ni sifuri.

Mililita 27 ni kidogo, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Chukua gari la kilo 1,400 linalokwenda 60. Nguvu iliyomo kwenye mwendo wake ni kama kilojuli 194. Lita moja ya petroli ina takriban megajuli 32, na injini ikigeuza robo yake kuwa mwendo unabaki na megajuli 8. Maana yake kulifikisha gari 60 kumegharimu kama mililita 24, na ukikanyaga breki mpaka kusimama, mililita 24 hizo zimeishia kwenye diski kama joto. Breki moja tu! Ukiwa 100 ni mililita 67. Tunabishana juu ya nyutro huku mguu wa kulia unakimbilia taa nyekundu iliyo mbele mita 200.

Ukiona mbele pamefungwa (taa, tuta, foleni), toa mguu mapema ukiwa ndani ya gia. Unapata sindano zilizofungwa na breki isiyotumika kwa wakati mmoja. Hakuna mbinu nyingine ya udereva inayoikaribia hii kwa safari za mjini.

Mama Usukani

Asante kwa hesabu. Na gari la kabureta je? Na dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida, isiyo na kompyuta?

Pistoni

Mama Usukani, kabureta ni habari nyingine. Haina wa kuifunga. Ukitelemka ndani ya gia, mvuto wa hewa unaendelea kunyonya petroli kupitia tundu la sailensa, na mizunguko ikiwa juu inanyonya zaidi. Huko nyutro ilikuwa na faida ndogo, ndiyo maana ushauri umeishi muda mrefu. Faida hiyo hailingani na kupoteza breki ya injini.

Dizeli ya pampu ya kimekanika, hapana, hiyo inakata. Gavana ya pampu inarudisha utoaji kwenye sifuri ukitoa mguu huku mizunguko iko juu ya sailensa. Kwa hiyo hata dizeli kuukuu inafaidika kubaki ndani ya gia.

Masafa Marefu

Niongeze upande wa malori maana huko nyutro inaua. Gari zito likiwa nyutro limepoteza breki ya injini na breki ya moshi (inayobana moshi unaotoka ili kuizuia injini) kwa pamoja, mzigo wote umeangukia madramu. Dramu likipata joto sana linatanuka, linajisogeza mbali na viatu vya breki, na viatu vyenyewe vinapoteza mkwaruzo. Dereva anakanyaga, upepo unaenda, gari halisimami. Anayethubutu kuzima kabisa injini ndiye mbaya zaidi: kompresa ya upepo unaosukuma breki za lori inaendeshwa na injini, kwa hiyo kila ukikanyaga unatumia akiba ya tangi isiyojazwa.

Gari dogo nalo lisizimwe likitembea. Buta ya breki (inayokuongezea nguvu ya kukanyaga) inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo kanyagio linakuwa gumu. Usukani unakuwa mzito, na kwa gari la ufunguo, ukiuchomoa usukani unajifunga.

Kanuni ya mlimani haijabadilika: shuka kwa gia unayoweza kupandia, na uichague kabla hujaanza kushuka.

Gia ya Tano

Pistoni, nakubali kwa sehemu, ila kuna kitu umekiruka. Breki ya injini nayo inakula mwendo. Mteremko ukiwa wa kulala sana, ndani ya gia gari linapungua mwendo, unalazimika kukanyaga mafuta tena. Kwenye nyutro lingeendelea kubiringika hadi chini. Ndiyo maana baadhi ya otomatiki za kisasa hujiachia zenyewe, yaani hutenganisha injini na magurudumu, ukitoa mguu kwenye barabara tambarare. Watengenezaji wasingehangaika na hilo kama ndani ya gia kungekuwa bora kila mahali.

Pistoni

Sahihi, mkuu, na ni nyongeza ya maana. Tuiweke hivi: swali ni unataka kupunguza mwendo au kuendelea nao. Ukitaka kupunguza, kaa ndani ya gia na mguu juu, sindano zifungwe. Ukitaka kuendelea na mteremko haukusukumi vya kutosha, weka gia ya juu kabisa na ugusie mafuta kidogo sana. Ukiwa na kisomaji cha matumizi ya papo hapo kwenye dashibodi utaliona hilo: mguu ukitoka kabisa kinashuka hadi 0.0, ukiugusa kinapanda kidogo na mwendo unabaki pale pale.

Otomatiki zinazojiachia zinafanya hivyo chini ya kompyuta, ambayo inarudisha gia ndani ya sekunde ukigusa breki. Hilo si sawa na dereva kusogeza mkono wa gia hadi N akiwa kwenye 80. Pampu ya oili ya gia kwenye otomatiki ya kawaida inazungushwa na injini. Injini ikiwa kwenye sailensa shinikizo la oili linashuka, huku upande wa magurudumu unazunguka kwa kasi. Ukirudisha D kwa pupa, klachi za ndani ndizo zinazopokea kishindo.

Chipukizi

Wakuu, na kuondoa gari taratibu? Tunaambiwa ukanyage mafuta kana kwamba kuna yai chini ya kanyagio.

Gia ya Tano

Yai hilo limesababisha watu wengi kukaa gia ya pili na ya tatu muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Injini ya petroli haipendi kufanya kazi huku kipepeo cha hewa (kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta) kimefungwa nusu. Pistoni zinavuta hewa kupitia upenyo mwembamba na kazi hiyo ya kuvuta ni hasara tupu. Ukifungua kipepeo kiasi cha kutosha huku mizunguko iko chini, kila tone la petroli linatoa kazi nyingi zaidi. Kwa hiyo:

Kanyaga kwa uthabiti, kama nusu ya kanyagio au zaidi kidogo, kisha panda gia mapema. Petroli badilisha kati ya 2,000 na 2,500, dizeli kati ya 1,600 na 2,000. Ukishafika mwendo unaoutaka, ruka hadi gia ya juu kabisa ambayo injini inaibeba bila kutetemeka. Kutoka ya tatu kwenda ya tano moja kwa moja ni halali kabisa.

Mipaka ni miwili. Usikanyage hadi sakafuni, maana hapo kompyuta inaongeza petroli kupita uwiano wa kawaida ili kupoza na kupata nguvu. Na usikokote injini, yaani gia ya juu, mizunguko 1,200, mguu umezama. Ukisikia mtetemo mzito au mlio wa kugonga, shusha gia. Kwa injini ndogo za turbo zenye sindano zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kukokota kwa namna hiyo huweza kusababisha mchanganyiko kuwaka kabla ya wakati, na mlipuko wa aina hiyo hupasua pistoni.

Kwa otomatiki: kanyaga theluthi, na ukikaribia mwendo unaoutaka legeza mguu kidogo. Sanduku linachukulia umemaliza kuongeza na linapanda gia.

Mama Usukani

Basi tuseme na mwendo wa barabara kuu. Ukaidi wa upepo unakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 100 hadi 120 ni nyongeza ya 44% ya ukinzani wa hewa kwa kila kilomita. Jumla ya mafuta haipandi kwa 44% kamili kwa sababu msuguano wa tairi hauongezeki kiasi hicho, lakini upepo ndio mlaji mkuu ukishapita 80. Kwa safari ya kilomita 60 unapata dakika 6 tu: 30 badala ya 36.

Kinyume chake pia si kweli, kwamba polepole zaidi ni nafuu zaidi. Kutambaa kwa 30 gia ya pili injini inajilisha yenyewe, pamoja na alteneta na pampu zake, kwa kilomita chache. Magari mengi yana nafuu yao kwenye 60 hadi 80, gia ya juu, mwendo usiobadilika.

Na keria! Keria tupu juu ya paa ni breki ndogo unayotembea nayo. Boksi kubwa la mizigo juu ya paa, kwa vipimo vya Marekani, linaongeza hasara ya 10 hadi 25% kwenye mwendo wa 105 hadi 120, ilhali mjini ni 2 hadi 8% tu. Mzigo ule ule ukiingia buti, hasara inabaki ya uzito, ambayo ni kama 1% kwa kila kilo 45.

Chipukizi

Na AC? Kuna wanaosema madirisha wazi ni bora daima.

Mama Usukani

Mjini, mwendo chini ya 60 au 70, fungua dirisha, kompresa ya AC ni mzigo mkubwa kuliko upepo. Barabara kuu, kuanzia kama 80, funga vioo na uwashe AC. Mstari huo unasogea kulingana na umbo la gari, usiushike kama sheria.

Linalookoa zaidi ni dakika za mwanzo. Gari lililokaa juani ndani yake pana joto kuliko nje. Fungua madirisha, tembea dakika moja au mbili hewa itoke, ndipo ufunge na kuwasha AC, kisha bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili kompresa isipoze hewa mpya muda wote. Safari fupi za jua kali ndizo zinazoumia zaidi na AC, kwa kuwa inafanya kazi kwa nguvu zote tangu mwanzo hadi unashuka.

Masafa Marefu

Kuzima gari kwenye foleni: dhana kwamba kuwasha kunakula mafuta ya dakika kadhaa ni ya uongo kwa injini ya sindano. Ukisimama zaidi ya sekunde 10 umeshafaidi kuzima. Lakini msizime kila gari linapogusa breki. Stata na betri za magari yasiyo na mfumo wa kujizima hazikutengenezwa kwa kuwashwa mara mia kwa siku. Kusubiri mtu, reli, kivuko, foleni iliyoganda, zima. Foleni inayosogea kila nusu dakika, acha. Turbo iliyotoka kupanda mlima kwa nguvu iachie dakika moja ya sailensa kwanza, oili ipoze shafti yake.

Kupasha injini asubuhi nako ni hivyo hivyo. Sekunde 30 zinatosha oili ifike juu, kisha ondoka bila kuvuta mizunguko. Injini inapata moto haraka zaidi ikitembea.

Lamda

Nimesoma yote, sasa niingie upande wa ufundi maana huku ndiko hela za watu zinapotelea.

Filta ya hewa chafu haiongezi ulaji wa mafuta kwenye injini ya petroli ya kisasa. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima hili mwaka 2009: waliziba filta, ulaji haukubadilika kwa kiasi cha maana, kilichoshuka ni wepesi wa gari. Sababu ni rahisi. Kompyuta inapima hewa inayoingia na kuipimia petroli yake, hewa ikipungua petroli inapungua. Kwenye kabureta ndipo filta chafu inapofanya mchanganyiko kuwa mzito. Badilisha filta kwa ajili ya kulinda injini na kupata nguvu, usitegemee kuona tofauti kwenye tangi.

Vinavyokula mafuta kimyakimya ni hivi.

Cha kwanza, thermostati, valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huitoa na kuitupa, na mwenye gari anaambiwa sasa injini itakuwa baridi na salama. Injini isiyofika joto lake haimalizi kipindi cha kupasha: kompyuta inaona maji yako nyuzi 60 na inaendelea kuongeza petroli, oili inabaki nzito, silinda zinalika. Kuipima hakuhitaji chombo. Anza na injini baridi kabisa. Washa, shika mpira wa juu unaoingia rejeta, mikono ikae mbali na feni na mikanda. Mpira unatakiwa ubaki wa kawaida kwa dakika kadhaa huku mshale wa joto unapanda, halafu upate moto ghafla thermostati inapofunguka, kwa magari mengi kati ya nyuzi 82 na 88. Mpira ukianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, polepole, basi thermostati imekwama wazi au haimo. Ukiwa na kisomaji cha OBD (soketi ya kusomea kompyuta ya gari), tazama joto la maji ukiwa kwenye 80: likikaa 60 hadi 70 na halipandi, jibu ni lile lile.

Cha pili, sensa ya oksijeni ya mbele ya katalisti (kisafishio cha moshi). Ile ya kawaida inatakiwa kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia, injini ikiwa na moto. Ikiganda, kompyuta inakisia, na kwa kawaida inakisia upande wa mafuta mengi. Hasara inaweza kufika hadi 40%. Kabla ya kununua sensa soma kwa kisomaji marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakiwa ndani ya 10% juu au chini, mfumo uko sawa na tatizo liko kwingine. Yakiwa juu sana upande wa kuongeza, tafuta hewa inayopenya baada ya kipimo cha hewa, au pampu dhaifu, kabla ya kuilaumu sensa.

Cha tatu, na hiki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, breki zinazoshika.

Gia ya Tano

Lamda, hapo kwenye breki fafanua hatua kwa hatua. Wengi wanaishia kubadilisha pedi na tatizo linarudi.

Lamda

Haya. Tembea kama kilomita 10 kwenye barabara isiyo na foleni ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na joto la kupita wenzake wa ekseli hiyo hiyo, hilo ndilo.

Tia kigingi magurudumu mengine, inua lenye shaka kwa jeki, liweke juu ya stendi, gia iwe huru. Zungusha kwa mkono. Mkwaruzo mwepesi wa pedi ni wa kawaida, lakini gurudumu lisiloendeshwa na injini linatakiwa likamilishe mzunguko mzima baada ya kulisukuma. La ekseli inayoendeshwa ni zito kidogo, lilinganishe na mwenzake.

Sasa mtu akanyage breki na kuachia. Zungusha tena. Likiwa limeshika, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi). Mafuta ya breki yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, shinikizo lilikuwa limenaswa, na mkosaji yuko juu: mpira wa breki uliovimba kwa ndani, au masta silinda isiyorudi kikamilifu. Gurudumu likibaki limeshika hata baada ya kulegeza, mkosaji ni kalipa yenyewe, ama pistoni imeota kutu, ama pini zake za kutelezea zimekauka. Kaza skrubu, jaza mafuta ya breki, toa hewa.

Pini zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya bearingi inavimbisha mpira wa pini, kalipa inashika tena, na ndiyo hiyo "pedi mpya zimerudia tatizo". Kwa nyuma angalia kebo ya breki ya mkono kabla ya kufungua kitu, mara nyingi imekaza zaidi ya ipasavyo.

Masafa Marefu

Upepo wa tairi uongezwe hapa. Kiasi sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, siyo kipimo cha gari lako. Pima tairi likiwa baridi, yaani gari limekaa saa 3 au limetembea chini ya kilomita 2. Likishapata moto linapanda psi 4 hadi 6, hilo lilishahesabiwa, usipunguze.

Tairi zote zikipungua psi 1, ulaji unaongezeka kama 0.2%. Psi 10 pungufu ni 2%. Si nyingi kama inavyosemwa, ila tairi hizo zinapata joto, zinalika pembeni na zinaweza kupasuka. Kujaza kupita kiasi ili kuokoa ni kubaya pia: katikati panaisha, tairi linashika barabara kwa eneo dogo, na kwenye mvua umbali wa kusimama unaongezeka.

Naitrojeni? Hewa ya kawaida ni 78% naitrojeni tayari. Pima upepo kila mwezi na umemaliza.

Chipukizi

Na petroli ya okteni kubwa? Na vile vifaa vya sumaku vinavyofungwa kwenye bomba la mafuta?

Lamda

Okteni ni uwezo wa petroli kuhimili kubanwa bila kulipuka yenyewe. Haina maana ya nguvu zaidi ndani ya lita. Fungua kifuniko cha tangi, soma kilichoandikwa. Ikiwa injini inahitaji RON (kipimo cha okteni) 91 na unaweka 95, inachoma ile ile tu, na tofauti ya bei imepotea. Ikiwa inahitaji 95, kwa mfano turbo au yenye mbano mkubwa, ukiweka ya chini sensa ya kugonga itachelewesha cheche, nguvu inashuka na ulaji unapanda. Hapo kushusha ndiko hasara.

Sumaku haifanyi lolote, petroli haina cha kuvutwa na sumaku. Vile vya kuchomeka kwenye soketi ya OBD vinavyodai kujifunza uendeshaji wako, vingi vikifunguliwa ndani ni taa na kipande cha saketi kisichounganishwa na nyaya za data. Vya kutengeneza gesi ya haidrojeni kwa maji vinachukua umeme wa alteneta, alteneta inazungushwa na injini, na kila hatua ina upotevu. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, umepima vifaa zaidi ya 100 vya namna hii kwa miaka mingi. Vichache mno vilionesha nafuu, nayo ndogo.

Kitu cha kweli upande wa vimiminika ni oili. Injini iliyopangiwa 0W-20 ukiiwekea 20W-50 kwa imani kwamba nzito inalinda zaidi, unapoteza mafuta kila siku, na mfumo wa kubadilisha muda wa valvu unaotegemea oili nyepesi unaanza kusumbua. Fuata kitabu cha gari.

Mama Usukani

Mawili ya kituo cha mafuta tuyamalize haraka. Kujaza alfajiri eti petroli ni nzito: matangi yako chini ya ardhi na joto lake halibadiliki kirahisi. Hata lingebadilika nyuzi 5, kwa lita 40 tofauti ni lita 0.19. Kujaza nusu tangi ili gari liwe jepesi: lita 25 za petroli ni kilo 18.5, punguzo lisilofika nusu ya asilimia. Ukizoea kutembea na taa ya akiba, pampu iliyomo ndani ya tangi, inayopozwa na petroli yenyewe, inakufa mapema.

Gia ya Tano

Kabla mtu hajasema mbinu fulani imemsaidia, apime hivi. Jaza mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, usilazimishe zaidi, maana petroli ya ziada inaingia kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli na kuliharibu. Andika kilomita. Tumia angalau nusu tangi, rudi pampu ile ile, jaza hadi ijikate mara ya kwanza. Lita ulizoweka gawanya kwa kilomita ulizotembea, zidisha 100. Lita 38.4 kwa kilomita 512 ni lita 7.5 kwa kilomita 100, au kilomita 13.3 kwa lita. Fanya kwa matangi matatu kabla ya kubadilisha chochote na matatu baada yake, njia zile zile. Tangi moja halithibitishi kitu, foleni ya siku mbili inatosha kuharibu namba.

Na jihadharini na kilomita kwa lita mnapolinganisha. Gari likitoka kilomita 8 hadi 10 kwa lita limeokoa lita 2.5 katika kila kilomita 100. Likitoka 16 hadi 20, ambako kwa jicho ni kubwa mara mbili, limeokoa 1.25 tu. Kwenye familia yenye magari mawili, anza kurekebisha lile linalokula zaidi.

Chipukizi

Swali la mwisho: haya ya breki na nyutro yanahusu haibridi (gari la injini na betri) pia?

Pistoni

Breki ndiyo, ila kwa namna yake. Haibridi inarudisha sehemu ya mwendo kwenye betri, lakini kuna kikomo cha kasi ya kuchaji. Ukikanyaga ghafla, kinachozidi kikomo kinachukuliwa na pedi za kawaida na kimepotea. Kanyaga mapema na kwa wepesi, tazama mshale wa kuchaji ubaki kwenye eneo lake bila kugonga mwisho.

Nyutro usiguse. Kwenye haibridi za aina ya Toyota ukiwa N betri haichaji kabisa. Na hali ya B (herufi iliyo kwenye mkono wa gia) si ya kuokoa mafuta: inaizungusha injini ili ipoteze nguvu, ambayo ingekwenda kwenye betri kama ungebaki D na kugusa breki. Kazi ya B ni mteremko mrefu. Betri ikijaa katikati ya mlima, kuchaji kunakoma, na mzigo mkubwa wa kulizuia gari unaangukia pedi. Hapo weka B kabla pedi hazijapata moto, ukifika chini rudisha D.